Habari Niliyoibeba Kutoka Kisumu

Tulitoka Tarime kabla jua halijachomoza, tukiwa tumechoka kiasi kwamba hata kuiombea safari tuliomba tumekaa. Kwa kawaida pasta wetu angetusimamisha, tushikane mikono, tuimbe kwanza. Asubuhi ile alisimama mlangoni mwa basi, akasema, "Bwana, turudishe salama," akaketi. Hakuna aliyemlaumu.

Basi lenyewe tulilikodi kutoka shule moja ya msingi kwetu Tororo. Viti vyake vilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Ukikaa, magoti yanagusa kiti cha mbele, na mtu mnene kidogo hulazimika kukaa upande, mguu mmoja ndani na mmoja njiani. Tulikuwa kikundi cha kwaya na maombi, wanawake wengi na wanaume wachache, tuliokwenda kulisaidia kanisa changa upande wa Tanzania. Tulidhani tunakwenda kuhubiri na kuimba. Tulipofika tukakuta kanisa bado ni nguzo na turubai, mafundi wamekaa wanangoja watu wa kuwabebea mawe. Basi mchana tulibeba mawe na maji ya zege, na jioni ndipo tukaimba, mikono imechubuka na migongo haikunjuki. Mzee wetu wa besi, aliyestaafu kazi ya kiwanda cha saruji, aliugua tumbo siku ya tatu na hakupona sawasawa mpaka tunaondoka. Suruali ilikuwa inamning'inia kama imeazimwa.

Mimi nilichoka kwa namna yangu. Nilizaliwa na kukulia Busia mjini, kwa wazazi wachuuzi, nikaja kuolewa Tororo. Kwa hiyo katika kikundi chote mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili cha kutosha kusimama kando ya pasta na kutafsiri. Kiswahili chenyewe ni cha sokoni, cha kupatana bei ya mitumba na wateja wa pande zote mbili za mpaka. Wenyeji wetu walinicheka siku ya kwanza, wakanicheka ya pili, halafu wakazoea. Mahubiri ya asubuhi, mafundisho ya mchana, ushauri wa ndoa, ugomvi wa mafundi kuhusu mchanga, vyote vilipita kinywani mwangu. Mpaka siku ya kuondoka sauti ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo tu, na mtu akitaka kunisikia ilibidi ainamishe kichwa.

Katika basi zima ni mtu mmoja tu ambaye hakuwa amechoka, naye alikaa kando yangu, dirishani.

Jina lake silitaji, yeye mwenyewe aliniomba hivyo nilipomwambia kwamba nataka kuandika habari hizi. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi kiasi, ndiyo maana namwita mdogo wangu naye ananiita dada, ingawa hatuna undugu wa damu. Ni mkulima wa Nabuyoga, anaimba sauti ya pili, ana sauti nene iliyotulia ambayo ikikosekana kwaya nzima huyumba. Ndoa yake ilivunjika zamani, akarudi kwa mama yake. Kisha mama akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha, akimgeuza kitandani usiku ili ngozi isichubuke. Kaka yake anaishi ua ule ule na mkewe na watoto. Walisaidia, siwezi kusema hawakusaidia. Lakini aliyekuwa akiamka ni yeye.

Safari hii hakutaka kuja. Mama yake ndiye aliyemsukuma. Kwa mdomo ule uliopinda alimwambia neno moja, "Nenda," akamwambia na kesho yake, na kesho kutwa, hadi wifi yake akaahidi kwamba atamtunza mama mpaka arudi. Ndipo akafunga mkoba.

Kule Tanzania tulilala darasani, juu ya mikeka, wanawake upande huu na wanaume chumba cha pili. Wengi wetu hatukupata usingizi kwa sababu ya mbu na mbwa. Yeye alilala. Usiku wa kwanza alilala akapitiliza ibada ya alfajiri, akapitiliza uji, na tulipomwamsha alikaa kitako akatazama kuta kama mtu aliyetoka kisimani. Wenzetu wakamtania kwamba yeye ameokoka usingizini. Ikawa hivyo kila siku. Alibeba mawe kama sisi, lakini jua likizama alikuwa anautazama mkeka wake kama mtu anayetazama chakula. Baada ya siku chache mashavu yake yalijaa.

"Dada, mimi nimelala," aliniambia tulipovuka mpaka wa Sirari na kuingia Kenya. "Nimelala kama mtoto mdogo."

Alikuwa anazungumza nami Kiswahili, kile chetu cha Busia na Tororo, kisichojali sana kanuni, ambapo "na" hutosha mahali pa "ina", "lina" na "ana". Alikipenda kwa sababu wenzetu wengi kwenye basi hawakukifuata vizuri, hivyo tuliweza kusema yetu hata tukiwa tumebanwa kati ya watu. Mimi nilimjibu kwa kichwa, kuokoa koo.

Tulipita Migori na Kisii watu wakiwa wamelala vinywa wazi. Barabara ya vilima iliwarusha vichwa huku na huku, na hakuna aliyeamka. Mchana tukafika Kisumu. Dereva akasimamisha basi mbele ya kibanda cha samaki, akasema anataka kula na kunyoosha mgongo, anayetaka kuteremka ateremke.

Pasta wetu alikuwa na laini ya simu ya Kenya. Sisi wengine laini zetu zilikuwa za Uganda na zilikuwa zimelala tangu tuvuke kwenda Tanzania. Nilimwona akiongea na simu pembeni, mkono mmoja sikioni, akizunguka zunguka juani. Alipomaliza hakuja mezani. Alimwita mzee wa besi, akamwita kiongozi wa kwaya, kisha akanipungia mkono mimi.

"Mkalimani, njoo kidogo."

Tulisimama nyuma ya basi, kwenye kivuli chembamba. Pasta ni kijana, umri wake unakaribia wa mtoto wangu wa kwanza. Alitazama viatu vyake, akasema kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu Tororo, taratibu, kwamba kaka wa dada yetu amepiga simu. Mama yao alifariki jana alfajiri, mke wa kaka akiwa kando yake. Mazishi ni kesho. Wanamngoja binti.

Kiongozi wa kwaya alifunika mdomo kwa leso. "Tumwambie sasa hivi," alisema. "Tumzunguke, tumwombee, twende naye akilia."

"Njiani?" mzee akauliza. Alikuwa ameegemea gurudumu, mkono tumboni. "Safari yote hii bado, na mpaka hatujavuka? Mtu hapewi msiba akiwa ndani ya gari. Afike kwao. Akalie kwa mama yake."

"Na tukimficha halafu akajua mwenyewe?"

"Nani atamwambia, kama si sisi?"

Walibishana kwa sauti za chini. Pasta aliwasikiliza, kisha akasema kwamba mzee amesema kweli, atamwambia yeye mwenyewe wakifika nyumbani, na kwamba wengine wote waambiwe mmoja mmoja ili wasije wakaropoka. Akanigeukia.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Tukikaribia Busia simu yake itashika mtandao wa kwetu, na watu watakuwa wamemwandikia. Ichukue."

"Pasta, mimi sijui kudanganya," nikamwambia kwa mkwaruzo wangu.

"Si kudanganya, mama. Ni kunyamaza. Na sauti yenyewe huna." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

Niliporudi ndani nilimkuta ameniwekea kipande cha samaki kwenye karatasi. "Kula, dada. Wewe umekonda." Nilikimega kidogo, kilichobaki nikakifunga tena kwenye karatasi. Nikamuuliza kama simu yake ina chaji. Akasema ilizimika tangu juzi. Nikasema nina pawabenki, nipe nikuchajie. Akanipa bila kuuliza lolote, nikaiunganisha, ikajiwasha yenyewe, nikaiweka ndani ya mkoba wangu, nikaufunga zipu.

Tukaondoka Kisumu. Habari ilipita ndani ya basi kutoka kiti hadi kiti, kwa minong'ono, na mimi niliisikia ikipita nyuma ya mgongo wangu. Watu waliokuwa wamelala wakaamka. Walianza kumletea vitu. Mmoja akampa maji, mwingine akampa machungwa mawili, wa tatu akamuuliza kama jua la dirishani halimsumbui. Alishukuru kila mmoja. Kisha akanitazama, akacheka.

"Leo nimekuwa bibi harusi," akasema.

Akafungua mkoba wake akanionyesha kanga alizonunua Tarime. Aliniwekea moja kwenye paja nishike kitambaa. "Ya kutandikia mama. Nakauka upesi, si kama shuka zetu. Wewe naona aje?"

Nikasema ni nzuri. Nilisema kweli, ilikuwa laini. Nikaikunja upya, nikamrudishia.

Tulikuwa tumepita Maseno, tunaelekea Yala, alipoegemea kichwa karibu na sikio langu.

"Dada, niulize kitu. Wewe umetafsiri maneno ya Mungu siku zote hizi."

"Uliza."

"Mimi naogopa kurudi."

Nikamsogezea sikio.

"Jana usiku niliomba. Wote mnaomba safari njema, mimi niliomba basi naharibika. Si ajali. Naharibika tu, siku moja, nalala tena mara moja kule kwenye mkeka. Hiyo ni dhambi?"

Nikamwambia si dhambi.

"Umesema haraka," akanijibu.

Kisha akanieleza mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia kwake, pamoja na miaka yote ya kuimba bega kwa bega. Alinieleza jinsi mama alivyo mzito upande uliokufa, jinsi anavyompitisha mkono chini ya kwapa na kumnyanyua huku magoti yake mwenyewe yakiwa ukingoni mwa kitanda. Alisema mama hulia akiogeshwa, kwa aibu, si kwa maumivu. "Na kila siku anasema pole. Pole, mwanangu. Asubuhi pole, usiku pole. Mimi sitaki pole. Mimi nataka kulala." Akatazama nje, mashamba ya mahindi yakipita. "Halafu naona aibu, kwa sababu yeye ndiye alisema nenda."

Nilimshika mkono. Sikuwa na kingine. Nilifikiri kwamba usiku ule alipokuwa akiomba basi liharibike, mama yake alikuwa amekwisha kufa tangu alfajiri, amelazwa sebuleni, watu wamekwisha kuwasha moto uani. Nilitaka kumwambia aache, asiendelee kusema, maana kila neno alilolisema lingekuja kumrudia. Lakini ningemwambiaje aache bila kumweleza sababu? Niliwaza jinsi atakavyofika nyumbani, atakavyoiona hema ya msiba uani, na katikati ya vilio akumbuke kwamba alikuwa ameniambia haya yote, na mimi nilijua, na nilimwacha aseme. Uchovu wote wa safari ile, mawe na tafsiri na viti vya watoto, haukufikia uzito wa mwendo ule kutoka Yala mpaka Bumala.

Karibu na Busia mkoba wangu ulianza kutetemeka.

Ilikuwa simu yake. Ilikuwa imeshika mtandao, na ujumbe ulikuwa unaingia mmoja baada ya mwingine, ukinguruma juu ya mapaja yangu. Niliubana mkoba kwa mikono miwili. Ilitulia, ikaanza tena. Sasa ilikuwa inapigwa.

"Simu yako naita, dada," akaniambia.

"Nitapokea baadaye."

Malori yalikuwa yamejipanga foleni kutoka mbali, kama kawaida ya pale, madereva wamevua mashati, wengine wamelala chini ya matrela yao. Basi letu lilisogea hatua, likasimama, likasogea, likasimama. Mwishowe dereva akasema tuteremke tutangulie kwa miguu hadi uhamiaji, yeye atatukuta upande wa pili. Tukateremka na vitambulisho vyetu mkononi. Pasta akaniangalia machoni, kunikumbusha, kisha akatangulia na wengine.

Mimi nilitembea polepole makusudi. Naye akatembea kwa mwendo wangu, kwa heshima, akidhani miguu inaniuma. Tulipita kati ya malori na vibanda, wanawake wakituonyesha mahindi ya kuchemsha, wabadilisha pesa wakituita mama, mama. Huko ndiko nilikokulia. Nikiwa binti nilipita barabara ile nikibeba kapu la nyanya kichwani. Nafikiri kama ingekuwa mahali pengine nisingethubutu. Tulipofika pengo kati ya lori na lori nikamvuta mkono, nikasimama.

"Mdogo wangu, inamisha kichwa, sauti yangu haifiki."

Akainamisha.

"Mama ametangulia."

Hakushtuka. Alibaki ameinama vile vile, kana kwamba sijasema bado, kana kwamba anangoja nianze. Kisha akainuka.

"Lini?"

"Jana. Alfajiri."

"Alikuwa na nani?"

"Na wifi yako."

Akaweka kiganja kwenye ubavu wa lori. Bati lilikuwa la moto, nilijua, kwa sababu mimi nilikuwa nimeligusa kwa kiwiko, lakini hakuutoa mkono. "Mimi nilikuwa nimelala," akasema.

"Ndiyo."

"Jana alfajiri mimi nilikuwa nimelala."

Dereva mmoja alitupita na dumu lake la maji, akatutazama, akaendelea. Nikamtolea simu yake mkobani, nikampa. Hakuitazama. Aliishika tu.

"Nani najua?"

"Wote. Pasta alipigiwa Kisumu. Amesema atakuambia mwenyewe ukifika nyumbani."

Nikaona anahesabu njia kichwani. Kisumu, Maseno, Yala. "Basi ulijua nilipokuwa nasema yale maneno."

"Nilijua."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Jicho lake lilikuwa limekauka kabisa.

"Wamesikia wengine?"

"Hapana. Mimi tu."

"Sawa." Akavuta pumzi, akaitoa kwa mdomo, kama mtu anayejiandaa kunyanyua kitu. "Wewe usiwaambie kwamba mimi najua. Wakijua watanikamata, watanilaza chini hapa, watalia mbele ya hawa madereva. Mimi nataka kuvuka na miguu yangu."

Akatoa mkobani ile kanga ya mama, akaitandaza mabegani, akatangulia.

Ndani ya jengo la uhamiaji, upande wa Uganda, kulikuwa na foleni, feni moja, na mtoto wa mtu analia. Yeye alikuwa mbele yangu. Ofisa alichukua kitambulisho chake, akalinganisha picha na uso, akamwomba ashushe kidogo kitambaa cha kichwa. Akakishusha.

"Mlikuwa wapi, mama?"

"Tanzania. Kazi ya kanisa."

"Mliomba na sisi pia?"

"Tuliomba," akajibu.

"Karibu nyumbani."

"Asante, mwanangu." Sauti haikutikisika. Nilipofika mimi dirishani, ofisa aliniuliza swali lile lile, nikashindwa kutoa hata neno, ikabidi kiongozi wa kwaya anisemee kwamba sauti yangu imekwisha.

Tulipopanda tena basi watu walikuwa wamekwisha kupanga jinsi ya kumshughulisha. Mtu akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo ule tulioimba kila jioni kule, na sisi sote tulikuwa tumeuchoka, lakini tuliuimba, wanawake kwa sauti zilizopasuka, mzee wa besi akitoa noti moja na kupumzika mbili. Ubeti wa kwanza ulipita bila sauti ya pili. Kwenye ubeti wa pili akaingia. Aliingia mahali pake, sawasawa, nene na tulivu. Niliona mabega ya pasta yakigeuka kule mbele, kisha yakarudi. Hakujua. Nafikiri alimshukuru Mungu akidhani mwenzetu bado hana habari.

Wimbo ulipokwisha mdogo wangu akaninong'oneza, bado kwa Kiswahili chetu, "Wananipa machungwa kama mgonjwa. Ningejua mapema, nisingekula yote mawili." Na akacheka, kicheko kifupi cha kweli, kilichomtoka kabla hajaweza kukizuia, na papo hapo akageukia dirisha. Nilimwacha. Tulipita njia ya Busitema, wanafunzi wa chuo wakivuka barabara na mabegi mgongoni, wakijisemea yao. Mbele yetu jabali la Tororo lilianza kujitokeza, kisha moshi wa kiwanda.

Tororo ndipo watu wengi kwenye basi lile walikuwa na makwao. Mimi nyumba yangu iko karibu na barabara. Nilikuwa nimeiota tangu asubuhi, beseni la maji ya moto, kitanda changu, mume wangu akinisimulia ya sokoni. Nyumba ya mzee wa besi iko karibu zaidi, mlango wake unaonekana ukiwa garini. Dereva alipunguza mwendo kwa mazoea. Hakuna aliyeinuka. Mzee aliutazama mlango wake ukija, akautazama ukipita, mkono tumboni, akasema tu, "Twende."

Mwenzangu aliona. Alipitisha macho kiti kwa kiti, akaona jinsi kila mmoja alivyobaki amekaa, wachovu wale, wagonjwa, wenye watoto wanaowangoja. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa upindo wa kanga ile aliyomnunulia mama yake, na nikajisogeza mbele kidogo ili mtu wa ng'ambo asimwone.

Njia ya Nabuyoga ni ya vumbi jekundu. Jua lilikuwa linashuka tulipoingia njia panda ya kwao na kuona watu wamesimama kando ya barabara. Basi likasimama kabla ya ua. Pasta aliinuka, akaja mpaka kwenye kiti chetu, akachuchumaa pale njiani kati ya viti ili wawe sawa uso kwa uso. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alianza na maneno kuhusu safari, kuhusu jinsi Mungu anavyotuita kwa wakati wake. Akakwama. Akaanza tena. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Nilitaka kumwokoa, nikamwangalia mwenzangu, naye akanipa ishara ndogo kwa kidole nimwache.

Alimngoja. Alimwacha afike mwisho wa kila sentensi. Pasta aliposema hatimaye, "Dada, mama yetu hayupo tena," sauti ilimvunjika, akainamisha paji la uso kwenye ukingo wa kiti. Naye akamwekea mkono kichwani, kama ambavyo angemwekea mtoto.

"Asante, pasta," akasema. "Umeniambia vizuri."

Kisha akainuka. Mguu wake ulipogusa ardhi ndipo wanawake wa nyumbani walipopiga yowe, na yeye akapiga lake, na sisi nyuma yake tukapiga yetu. Sauti yake ilitoka yote. Sikuwa nimewahi kumsikia akiitoa yote.

Wifi yake alimpokea mlangoni, akapiga magoti, akaanza kueleza kwamba alifanya kila kitu, alimgeuza, alimlisha, na usiku ule mama alikuwa mzima kabisa. Alimwinua. "Najua," alimwambia. "Mimi najua kazi yake." Wakaingia ndani pamoja, wameshikana.

Hatukurudi Tororo. Tulikaa pale hadi mazishi, tukiwa na nguo zile zile za safari, tukilala kwenye majani tuliyotandikiwa chini ya hema, na mimi safari hii nililala. Kesho yake tuliimba kaburini. Shangazi yake mmoja alimwambia, kwa kumfariji, kwamba mama alikuwa anangoja aondoke ili afe bila binti kuteseka akimwangalia. Alimjibu kwa adabu, "Inawezekana, shangazi." Baadaye, tukiosha masufuria pamoja nyuma ya jiko, akaniambia, "Labda alingoja. Au labda alichoka tu."

Asubuhi iliyofuata alinisindikiza hadi barabarani kutafuta boda. Macho yake yalikuwa yamevimba na mashavu yale yaliyojaa kule Tanzania yalikuwa yameanza kushuka. Alizungumzia mihogo inayotaka kupaliliwa. Nikamwambia kwamba nitakuja kumwona wiki ijayo, siku isiyo ya soko.

"Dada," akasema, "njia yote ile, kutoka Kisumu, wewe ulikaa tu na ile habari?"

"Nilikaa nayo."

"Ulichoka."

"Nilichoka."

Akatikisa kichwa. Pikipiki ikaja, tukaipungia, ikasimama. Alinisaidia kupanda, akaniwekea mkoba mapajani, akaniinamia kwa kunishukuru kama wanavyofanya kwao, magoti yakikunjwa kidogo. Kisha akageuka kurudi uani, ambako watu walikuwa bado wanamngoja kwa chai. Mwendesha boda aliniambia nishike vizuri, barabara ina mashimo. Nikamshika koti, nikafumba macho, na mwendo uliobaki hadi Tororo siukumbuki.